Mabwana wa Sutherland

Karibu na pwani ya kaskazini-mashariki ya Uskoti, juu ya mji mdogo wa Golspie, upo mlima uitwao Ben Bhraggie. Katika kilele chake imesimama sanamu ya mtu. Sanamu hiyo, pamoja na nguzo yake, ina urefu wa mita 30 hivi, hata msafiri huiona tangu mbali kabla hajauona mji. Ilikamilishwa mwaka 1837. Ni sanamu ya Duki wa kwanza wa Sutherland, aliyekufa mwaka 1833, na maandishi yake yasema kuwa ilisimamishwa na wapangaji wa ardhi yake, kwa majonzi na shukrani, ili wamkumbuke bwana aliyekuwa mwema na mkarimu kwao.

Lakini wako watu wa nchi hiyo hiyo ambao hawaitazami sanamu hiyo ila kwa uchungu. Mara kwa mara wamekuwapo waliotaka ivunjwe, na wengine wamejaribu kuiharibu kwa mikono yao usiku. Yawezekanaje, msomaji, mtu mmoja awe mfadhili kwa hawa na mnyang'anyi kwa wale? Hilo ndilo swali la insha hii. Ili kulijibu, nakuomba unifuate nyuma karne nyingi, tujue jinsi ukoo wa Sutherland ulivyopata ardhi yake, jinsi ulivyoitumia, na jinsi sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilivyoutoka mkononi.

Tuanze na jina lenyewe. Sutherland maana yake ni nchi ya kusini. Ukilitafuta jimbo hilo katika ramani utashangaa, maana liko karibu na mwisho kabisa wa kaskazini ya Uskoti. Lakini utaacha kushangaa ukijua kuwa jina hilo lilitolewa na Wanorwe, mabaharia waliotawala zamani visiwa vya Orkney na ncha ya Caithness. Wao walikuwa wakitazama kutoka kaskazini zaidi, na kwa hiyo nchi hiyo kwao ilikuwa kusini. Liweke jambo hili moyoni, kwa sababu litatufaa mbele: jina la kitu hutegemea mahali aliposimama yule anayelitoa.

Mzee wa ukoo huu aliitwa Freskin. Hakuwa mwenyeji wa Uskoti. Yaaminika kuwa asili yake ni Flanders, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika Ubelgiji. Katika karne ya 12 Mfalme David wa Kwanza wa Uskoti alikuwa akiwapa wageni mashujaa ardhi ili wamsaidie kuyatuliza majimbo yenye uasi, na Freskin alikuwa mmoja wao. Mjukuu wake, Hugh, akapewa nchi ya Sutherland karibu na mwisho wa karne hiyo. Na William, mwana wa Hugh, akapandishwa kuwa Erli wa kwanza wa Sutherland kabla ya katikati ya karne ya 13. Yafaa ufahamu ya kwamba Erli na Duki ni vyeo vya mabwana wakubwa. Mfalme ndiye aliyevitoa, kisha vikarithiwa na vizazi vilivyofuata; na cheo cha Duki ndicho cha juu kupita vyote.

Waona basi kuwa ukoo huu haukuota katika ardhi ile kama nyasi. Ulipandwa kwa mkono wa mfalme, na mzizi wake ulikuwa hati.

Sasa tuwatazame watu waliokaa katika mabonde ya nchi hiyo. Walisema Kigaeli. Walifuga ng'ombe weusi wadogo, wakalima shayiri, na baadaye viazi. Nyumba zao zilijengwa kwa mawe na udongo, zikaezekwa kwa nyasi juu ya boriti za mbao. Hawakuwa na hati. Mkuu wao alikuwa Erli, nao walimtii, wakampa kodi, na vita vilipotokea walitoka na silaha kumfuata. Kwa upande wake mkuu alipaswa kuwalinda na kuwaacha wakae katika mabonde ya baba zao. Neno lao la Kigaeli lenye maana ya ukoo ni lile lile lenye maana ya watoto. Kwa hiyo mkuu wa ukoo, machoni pao, alikuwa baba wa wote. Haki hii ya kukaa mahali pa wazee ilikuwa na jina lake katika lugha yao, na kila mtu aliijua. Lakini hakuna mahakama iliyoiandika.

Hivyo kwa muda wa karne nyingi zilikuwapo sheria mbili juu ya ardhi moja. Ya kwanza ilikuwa ya karatasi, nayo ilisema kuwa nchi yote ni mali ya Erli. Ya pili ilikuwa ya desturi, nayo ilisema kuwa Erli ni mkuu wa watu, na watu wana haki katika nchi. Maadamu bwana alihitaji watu, sheria hizi mbili zilikaa pamoja kama ndugu wasiopendana lakini wanaoishi nyumba moja. Mwaka 1514 ukoo wa kwanza ulikosa mrithi mwanamume, na urithi ukamwangukia Elizabeth, aliyeolewa na Adam Gordon, mwana wa bwana mwingine mkubwa. Damu ya ukoo ikachanganyika na damu ya Gordon, lakini desturi haikubadilika, maana bwana mpya naye alihitaji watu wa kumpigania.

Mambo yaligeuka katika karne ya 18. Mwaka 1746, katika uwanja wa Culloden, jeshi la serikali liliwashinda wale waliotaka kumrudisha katika kiti cha enzi mfalme wa ukoo wa Stuart. Erli wa Sutherland hakuwa upande wa walioshindwa. Yeye aliiunga mkono serikali. Hata hivyo sheria ya mwaka 1747 iliwaondolea mabwana wa Uskoti mamlaka yao ya kurithi ya kuwahukumu watu wao. Tangu hapo heshima ya bwana haikupimwa tena kwa idadi ya panga alizoweza kuziita, bali kwa fedha alizoweza kuzitumia katika miji ya Edinburgh na London. Mtu aliyekuwa nguvu ya bwana akawa mpangaji tu, tena mpangaji maskini.

Mwaka 1766 Erli wa 18 na mke wake walikufa kwa homa katika mji wa Bath, huko Uingereza. Waliacha binti mmoja mdogo, Elizabeth, ambaye alikuwa hajatimiza umri wa miaka miwili. Je, mtoto wa kike aweza kurithi cheo hicho? Wanaume wawili walijitokeza kukidai, na kesi ikafika mbele ya mabwana wa Bunge la London. Mwaka 1771 wakaamua kuwa haki ni ya mtoto. Basi yule yatima akawa mwenye sehemu kubwa ya jimbo zima, naye hakuwa amelijua.

Mwaka 1785 Bibi Elizabeth aliolewa na George Granville Leveson-Gower, Mwingereza wa jamaa tajiri mno. Mwaka 1803 mume huyo alirithi mali ya baba yake, na pia faida ya mfereji mkubwa wa Bridgewater, uliochimbwa kupeleka makaa ya mawe Manchester, na uliokuwa mali ya mjomba wake. Katika Uingereza ya siku zile walikuwa wachache sana waliomkaribia kwa utajiri. Yeye ndiye aliyepewa baadaye, mwaka 1833, cheo cha Duki wa Sutherland. Na yeye ndiye yule wa sanamu. Kwa kununua na kurithi, mume na mke huyu walifikia kuwa na zaidi ya ekari milioni moja katika kaskazini ya Uskoti. Lakini makao yao ya kila siku yalikuwa London na mashamba yao ya Uingereza. Sutherland walikwenda kutembea, mara nyingi wakati wa kiangazi.

Kabla hatujaendelea, kumbuka jambo moja. Mwaka 1799 serikali ilihitaji askari kwa ajili ya vita na Ufaransa, na kwa jina la Bibi Elizabeth likaundwa jeshi la Sutherland, lililoitwa jeshi la 93. Vijana walikusanywa mtaa kwa mtaa, wakachaguliwa wale wenye nguvu. Wazazi wengi waliamini kuwa kwa kumtoa mwana wamejihakikishia shamba. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya desturi: mtoto wangu kwako, bonde lako kwangu. Hawakuomba karatasi, kwa maana baba haombwi karatasi na watoto wake.

Wakati huo viwanda vya Uingereza vililia sufi. Kondoo wakubwa wa aina ya Cheviot walionekana kuweza kuishi katika baridi ya kaskazini, na mfugaji mmoja mwenye maelfu ya kondoo aliweza kulipa kodi kubwa kupita mamia ya wakulima wadogo. Washauri wa Bibi Elizabeth na mumewe wakachora mpango. Watu wote wa mabonde ya ndani waondolewe na kupelekwa pwani. Huko wapewe vipande vidogo vya ardhi, wajifunze kuvua samaki na kufanya kazi za mikono. Na mabonde yaachiwe kondoo. Msimamizi mkuu wa mpango huo, tangu mwaka 1812, alikuwa James Loch, mwanasheria na mtaalamu wa mambo ya uchumi.

Haki yatutaka tusikie maneno ya kila upande. Loch hakujiona kuwa mtu mwovu. Aliona watu waliokumbwa na njaa kila mavuno yalipoharibika, katika nchi isiyo na barabara wala bandari. Aliandika kitabu, kilichotolewa mwaka 1820, kueleza faida za kazi yake. Na kweli barabara zilijengwa, madaraja yakajengwa, mji wa Helmsdale ukapangwa pwani, na kwa muda wa miaka mingi uvuvi wa heringi ulistawi hapo. Fedha za mfereji wa Uingereza zilimwagwa Sutherland kwa wingi. Mtu akihesabu mawe ya madaraja tu, atasema kuwa bwana huyu alikuwa mjenzi.

Walakini mpango mwema juu ya karatasi haukuwauliza watu wenyewe kama wanautaka. Mwaka 1813 watu wa bonde la Kildonan walikataa kuondoka, wakawafukuza waliokuja kulipima bonde lao. Serikali ilileta askari, na upinzani ukaisha. Watu kiasi cha mia moja wa Kildonan wakaamua kuhama kabisa, wakapanda meli kwenda Kanada. Homa ikazuka chomboni na kuwaua baadhi yao. Waliosalia walishuka katika pwani ya baridi ya Ghuba ya Hudson, wakakaa huko wakati wote wa majira ya baridi, kisha wakatembea kwa miguu juu ya theluji kuelekea kusini, na baadaye wakafika katika bonde la Mto Mwekundu mwaka 1814. Leo mji wa Winnipeg umesimama karibu na mahali walipolima, na mtaa wake mmoja una jina la Kildonan.

Mwaka huo huo wa 1814 yalitokea mambo katika bonde la Strathnaver ambayo hayajasahauliwa hata leo. Msimamizi wa huko aliitwa Patrick Sellar, mwanasheria kutoka jimbo la Moray. Sellar alikuwa na kazi mbili. Kwa mkono mmoja alikuwa mtumishi wa Bibi Elizabeth, aliyepaswa kuwaondoa wapangaji. Na kwa mkono wa pili alikuwa mfugaji, aliyekwisha kukodi ardhi ile ile kwa ajili ya kondoo wake mwenyewe. Mwamuzi na mfaidikaji walikuwa mtu mmoja.

Sellar alipokuja na watu wake, nyumba zilibomolewa, na nyingine zikachomwa moto. Fahamu, msomaji, kuwa katika nchi ile isiyo na miti mingi, boriti za paa zilikuwa mali ya thamani. Desturi ilikuwa mtu anayehama huzichukua boriti zake ili aezeke nyumba mpya. Kuzichoma kulikuwa ni kuhakikisha kuwa mwenyewe hatarudi; lakini pia kulikuwa ni kumnyima paa huko aendako. Katika nyumba moja, mahali paitwapo Badinloskin, alikuwamo bibi kizee aliyekaribia umri wa miaka mia, asiyeweza kuinuka kitandani. Mashahidi walisema kuwa nyumba ilitiwa moto naye akiwa bado ndani, akatolewa na jamaa zake mablanketi yakiwa yamekwisha kushika moto. Siku chache baadaye akafa.

Hakimu wa jimbo, Robert Mackid, aliyasikiliza malalamiko, akamkamata Sellar. Kesi ilisikilizwa katika mji wa Inverness mwezi wa Aprili mwaka 1816. Sellar alijitetea kuwa alikuwa na amri halali ya mahakama. Waamuzi walikuwa raia 15, na wengi wao walikuwa wenye mashamba na wafanya biashara. Mashahidi wengi walikuwa wakulima waliosema Kigaeli, na maneno yao yalifika mahakamani kwa njia ya mkalimani. Sellar akaachiliwa, hana hatia. Aliyeadhibika ni hakimu: Mackid alijiuzulu, na mwaka 1817 akaandika barua ya kumwomba Sellar radhi. Wahenga wetu walisema mnyonge hana haki. Hawakuijua Inverness, lakini neno lao lilikuwa kweli huko pia.

Baada ya hukumu hiyo hapakuwa na la kuzuia. Katika mwaka 1819 na miaka miwili iliyofuata maelfu ya watu waliondolewa, kwa wingi kupita ule wa kwanza. Katika kijiji cha Rossal, ndani ya bonde la Strathnaver, alizaliwa mwashi mmoja jina lake Donald Macleod. Macleod aliandika kuwa usiku mmoja wa mwaka 1819 alipanda juu ya kilima akahesabu nyumba 250 zikiwaka moto kwa wakati mmoja, na kuwa wenye nyambazo wengi walikuwa jamaa zake, au watu aliowajua kwa majina. Mimi sina njia ya kuzihesabu tena nyumba hizo, wala wewe huna. Lakini misingi ya mawe ya Rossal iko mpaka leo katikati ya msitu uliopandwa, na mtu aweza kutembea kutoka mlango hadi mlango mahali ambapo milango haiko tena.

Watu waliofika pwani walipewa ardhi ya mawe. Mfugaji wa ng'ombe aliambiwa awe mvuvi, naye hakuwahi kushika kasia. Wako waliojifunza, wakaishi. Wako waliohama tena kwenda Kanada na kwingine. Mojawapo ya vijiji vya pwani kiliitwa Bettyhill, kwa jina la Bibi Elizabeth mwenyewe. Hapo likumbuke lile nililokuomba uliweke moyoni juu ya majina ya nchi.

Lakini, kama tujuavyo, maneno ya mnyonge yaweza kuchelewa yasife. Katika miaka ya 1840 na 1841 Macleod alichapisha barua zake katika gazeti la Edinburgh, akieleza aliyoyaona. Wakubwa hawakuzipenda, naye baadaye akahamia Kanada. Wakati huo Duki wa pili alikuwa amerithi cheo, na mke wake, Harriet, alisifiwa kila mahali kwa juhudi yake ya kupinga utumwa wa watu weusi Marekani. Harriet Beecher Stowe, mwanamke wa Kimarekani aliyeandika kitabu mashuhuri cha kupinga utumwa, alizuru Uingereza mwaka 1853, akapokewa kwa heshima kubwa katika jumba la Sutherland huko London. Mwaka uliofuata akatoa kitabu cha safari yake, na ndani yake akautetea ukoo wa Sutherland, akisema kuwa mashtaka ya kuwafukuza watu ni uzushi. Habari zake alizipata kwa wenyeji wake, si kwa watu wa mabonde. Macleod alimjibu kwa kitabu kizima, kilichotolewa Kanada mwaka 1857. Hata Karl Marx alikwisha kuandika juu ya jambo hilo mwaka 1853, katika gazeti la New York, akiuliza jinsi jamaa iliyojitajirisha kwa kuwaondoa watu wake inavyoweza kuwalilia watumwa wa ng'ambo ya bahari.

Usifikiri, msomaji, kuwa nasema huruma ya Bibi Harriet kwa watumwa ilikuwa ya uongo. Huenda ilikuwa ya kweli kabisa. Lakini ni rahisi kuuona moto unaowaka kwa jirani wa mbali, na ni vigumu kuuona ule uliowashwa kwa amri ya nyumba yako.

Mwaka 1854, wakati wa vita vya Krimea, serikali ilihitaji tena askari. Inasimuliwa huko kaskazini kuwa Duki wa pili alikwenda mwenyewe kuwaita vijana wa Sutherland, akaahidi fedha, na hakuna hata mmoja aliyesimama. Mzee mmoja akamwambia kuwa wapelekwe kondoo wakapigane, maana wao ndio waliopewa nchi. Kama maneno yalikuwa hayo hasa au la, masimulizi hayo yadumu kwa sababu yanatoa jibu kwa ahadi ya mwaka 1799. Ile sheria ya desturi ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulipokatwa, wa pili nao ukaanguka.

Sheria ya nchi ilichelewa, lakini ilifika. Mwaka 1883 serikali ilituma tume chini ya Lord Napier kuwasikiliza wakulima wadogo wa Uskoti ya kaskazini na visiwa vyake. Tume ilifika mpaka Bettyhill. Huko walisimama wazee waliokuwa watoto wakati wa Strathnaver, wakatoa ushahidi wao ukaandikwa katika vitabu vya serikali, miaka karibu sabini tangu moto. Mwaka 1886 Bunge likapitisha sheria iliyompa mkulima mdogo haki ya kutofukuzwa katika shamba lake maadamu analipa kodi. Kodi yenyewe ikawa ya kukadiriwa kwa haki. Na akiondoka alipwe kwa kazi aliyoifanya. Kile ambacho desturi ilikijua bila karatasi, sasa kikaandikwa katika karatasi. Lakini sheria hiyo haikuwarudishia watu mabonde waliyokwisha kuondolewa.

Na ukoo wenyewe ulipatwa na nini? Duki wa tatu alijenga reli mpaka Helmsdale, sehemu kwa fedha zake mwenyewe, na katika miaka ya 1870 akajaribu kuilima ardhi ya kinamasi karibu na Lairg kwa majembe yaliyovutwa kwa nguvu ya mvuke. Kazi hiyo ilikula fedha nyingi ikaleta mavuno haba. Katika karne ya 20 ardhi iliuzwa kipande baada ya kipande. Mwaka 1963 Duki wa tano alikufa bila mtoto. Cheo cha Duki kikaenda kwa jamaa wa mbali. Cheo cha kale cha Erli, pamoja na ngome ya Dunrobin, vikamfikia binti wa ndugu yake, ambaye naye aliitwa Elizabeth, na aliyeishi hata mwaka 2019. Ngome hiyo yenye vyumba 189 ilifanywa shule ya wavulana tangu mwaka 1965 mpaka 1972, na tangu mwaka 1973 wageni hulipa kiingilio kuitembelea. Jungu kuu halikosi ukoko.

Magharibi ya jimbo hilo, katika nchi ya Assynt, ambayo zamani ilikuwa mali ya ukoo huu na ikauzwa mwanzoni mwa karne ya 20, lilitokea jambo ambalo Loch na Sellar hawakuliota. Shamba moja la ekari 21,000 lilikuwa limeangukia mikononi mwa kampuni iliyofilisika. Wakulima wadogo waliokaa humo wakaunda chama, wakachanga, wakaomba msaada huku na huko, na mwaka 1993 wakalinunua kwa pauni 300,000. Mwaka 2003 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kuwapa watu wa mahali nafasi ya kwanza ya kununua ardhi wanayokaa, mwenyewe akitaka kuiuza. Wajukuu wa watu wasio na hati wakawa na hati.

Sasa nikurudishe tulikoanzia. Sanamu ya Ben Bhraggie ingali imesimama. Lakini mwaka 2007 sanamu ya pili ilizinduliwa katika mji wa Helmsdale, penye mdomo wa bonde la Kildonan. Hii si kubwa, wala haiko juu ya mlima. Ni watu wa jamaa moja: baba anatazama mbele, mtoto yuko kando yake, na mama, aliyebeba mtoto mchanga, amegeuza uso anatazama nyuma bondeni. Hakuna jina lao, maana wao ni wote waliokwenda.

Wengine husema kuwa yafaa sanamu ya Duki ivunjwe. Wengine husema iachwe ili iwe ushahidi. Mimi sitakuamulia. Lakini nataka utazame jambo moja. Kwa muda wa miaka 170 msafiri aliyefika Sutherland aliisoma historia ya nchi hiyo katika jiwe moja tu, na jiwe hilo lilisema kweli nusu. Ni kweli Duki alijenga madaraja. Ni kweli sheria ilikuwa upande wake. Yaliyokosekana ni maneno ya waliopita juu ya madaraja hayo wakiondoka, wala hawakurudi.

Nawe, msomaji, utakaposoma habari za koo kubwa, ziwe za ng'ambo au za kwetu, usiishie katika majumba yao na tarehe za ndoa zao. Uliza ardhi ilipatikanaje, na nani alikuwa amekaa juu yake. Uliza hati iliandikwa na nani, na kwa lugha gani. Kisha nenda kwa mzee asiyejua kusoma, ukamsikilize na kuyaandika maneno yake. Maana watu wa Strathnaver walingoja karibu miaka sabini kabla hajatokea mtu wa serikali wa kuwauliza, na wengi wao walikuwa wamekwisha kufa.